Pango halisubiri faili: barua ya wazi kwa wenye dhamana ya misaada ya makazi

Kwa mawaziri wa ustawi wa jamii na wa makazi, wakurugenzi wa halmashauri na miji, na wakuu wa ofisi zinazolipa misaada ya kodi ya nyumba na dharura za kaya.

Waheshimiwa,

Tunawaandikia kuhusu tarehe. Mijadala ya misaada ya pango huishia mara nyingi kwenye bajeti: fungu linatosha au halitoshi, nani anastahili, nani anadanganya. Hayo yana uzito wake. Lakini kwa sisi tunaojaza fomu hizi pamoja na wapangaji, tunaozungumza na wenye nyumba na kuandika rufaa, kinachoamua kama familia italala ndani au nje ni kitu kidogo zaidi: fedha zinafika siku ya ngapi, na siku hiyo deni limefika wapi.

Tuhesabu pamoja. Kodi ya nyumba ni 100 kwa mwezi. Mpangaji anadaiwa miezi miwili, yaani 200, siku anapopeleka maombi. Ofisi inachukua wiki nane kuamua. Kodi haisimami katika wiki hizo, kwa hiyo siku ya malipo deni ni 400. Ofisi inalipa 200, kiasi kilichoandikwa kwenye fomu. Mwenye nyumba anazipokea, bado anadai 200, na kesi yake inaendelea kama ilivyokuwa. Serikali imetoa fedha, ripoti ya mwaka itasema kaya moja imesaidiwa, na kaya hiyo iko barabarani na magodoro yake. Hakuna aliyevunja kanuni hata moja.

Kosa hapo ni kanuni inayoganda deni siku ya maombi. Kiasi cha msaada kihesabiwe hadi siku ya malipo, na uongezwe mwezi mmoja wa mbele ili mpangaji asianze upya akiwa nyuma. Malipo pia yafungwe na sharti la maandishi: mwenye nyumba akipokea, anaondoa notisi na kufuta shauri. Sharti hilo liwe kwenye karatasi anayosaini kabla fedha hazijatoka. Likija kwenye barua baada ya malipo, ni ombi tu, naye ana haki ya kulikataa.

Hatua ya pili ni kujua mapema. Ofisi nyingi humsubiri mpangaji aje mwenyewe, na wengi huja wakiwa na amri ya mahakama mkononi na siku tatu za kuhama. Aibu huwachelewesha, na wengine hawajui kama msaada upo. Ujerumani imelitatua hili kwa sheria: mahakama inayopokea shauri la kumtoa mpangaji kwa sababu ya malimbikizo ya kodi lazima iiarifu ofisi ya ustawi ya eneo bila kuchelewa. Taarifa hiyo ina majina na anwani za wahusika, kodi ya mwezi, kiasi kinachodaiwa, siku shauri lilipofunguliwa na siku ya kusikilizwa kama imeshapangwa. Ni karatasi moja. Haihitaji mfumo mpya wa kompyuta.

Huko huko, mpangaji aliyevunjiwa mkataba papo hapo kwa sababu ya deni ana miezi miwili tangu akabidhiwe hati ya madai. Malimbikizo yote yakilipwa ndani ya muda huo, au taasisi ya umma ikijifunga kuyalipa, uvunjaji huo unakosa nguvu. Zingatieni maneno “ikijifunga kuyalipa”. Fedha zenyewe zinaweza kuchelewa kwenye hazina. Ahadi iliyosainiwa inatosha kuokoa nyumba. Kila ofisi inapaswa kuwa na fomu ya ahadi ya namna hiyo yenye kiasi kamili, namba ya shauri na saini ya mtu mwenye mamlaka, bila maneno “iwapo bajeti itaruhusu”. Maneno hayo huiua ahadi, kwa sababu mahakama huisoma kama hakuna kilichoahidiwa.

Msiichukue sheria hiyo na pengo lake, hata hivyo. Kinga ya miezi miwili hufuta uvunjaji wa papo hapo tu. Haigusi notisi ya kawaida yenye muda wa kuhama. Mawakili wa wenye nyumba wanalijua hilo, na hutoa notisi zote mbili kwa pamoja. Mpangaji analipa kila senti na bado anahama, ingawa baadaye kidogo. Tena kinga hiyo haipatikani mara ya pili ndani ya miaka miwili. Mkiandika sheria yenu, andikeni kwamba deni lililolipwa lote linafuta notisi yoyote iliyotokana na deni hilo, iwe ya papo hapo au ya kawaida.

Uholanzi imesogea nyuma zaidi ya mahakama. Tangu 1 Januari 2021, wenye nyumba, makampuni ya nishati, ya maji na ya bima ya afya huiarifu manispaa pale mteja anapoanza kubaki nyuma, na manispaa inatakiwa kumfuata mtu huyo na kumpa msaada wa kushughulikia madeni. Deni la mwezi mmoja na nusu hutatuliwa kwa mazungumzo na mpango wa malipo. Deni la miezi sita linahitaji hazina. Tofauti ya gharama kati ya hayo mawili inalipa mishahara ya maofisa wachache wa kupiga simu.

Sasa nyaraka, maana hapa ndipo maombi mengi hufia. Orodha ya kawaida hudai mkataba wa pango, risiti za miezi iliyopita, hati za mishahara, taarifa za benki, kitambulisho cha kila mkazi na barua ya mwenye nyumba. Mtu anayefanya vibarua hana hati ya mshahara. Aliyepangishwa kwa mdomo hana mkataba. Mwenye nyumba asiyelipa kodi ya serikali kwa mapato yake hatasaini karatasi yoyote yenye nembo ya serikali. Kwa hiyo anayehitaji msaada zaidi ndiye mwenye faili pungufu zaidi, na ofisi inayofunga faili kwa sababu ya karatasi moja inakuwa inawachuja wale wale iliyoundwa kuwasaidia.

Marekani ilijifunza hili kwa machungu. Bunge lao lilitenga dola bilioni 25 mnamo Desemba 2020 na bilioni 21.55 zaidi Machi 2021 kwa ajili ya msaada wa dharura wa kodi za nyumba, zipitie kwenye majimbo, kaunti na miji. Miezi ya mwanzo fedha zilitoka kwa kusuasua huku madeni yakipanda. Sehemu kubwa ya tatizo ilikuwa ushahidi: ofisi ziliogopa ukaguzi, zikadai kila kitu. Katika mwaka 2021 Wizara ya Fedha ikalazimika kuzieleza waziwazi kwamba mwombaji anaweza kuthibitisha hali yake kwa tamko lake mwenyewe la maandishi pale nyaraka zisipopatikana. Tarehe 26 Agosti mwaka huo Mahakama ya Juu ikaondoa zuio la kitaifa la kuwatoa wapangaji, na fedha nyingi zilikuwa bado ziko kwenye akaunti za serikali.

Ili kuzuia mtu asitolewe nyumbani, ofisi inahitaji kujua mambo manne tu: nani anaishi pale, kodi ni kiasi gani, deni ni kiasi gani, na siku ya mwisho ni lini. Manne hayo yanathibitishwa kwa notisi yenyewe, miamala ya simu au benki kwenda kwa mwenye nyumba, bili yenye anwani, na simu moja kwa mwenye nyumba. Mapato yanaweza kuandikwa kwa tamko, kisha yakaguliwe kwa sampuli baada ya malipo. Karatasi ikikosekana, ofisa apige simu siku ile ile. Asitume barua ya siku 14 halafu airudishe faili mwisho wa foleni. Tunasisitiza foleni. Ofisi nyingi huhesabu muda upya kila faili inapokamilishwa, hivyo ripoti inasema “siku 10 za wastani” ilhali mwombaji amesubiri 60. Saa ianze kugonga siku mtu alipoomba kwa mara ya kwanza, kwa njia yoyote, hata kwa mdomo dirishani.

Wapo watakaosema huu ni mlango wa ulaghai. Ulaghai upo, na mara nyingi huwa wa mpango: majina mengi kwenye akaunti moja, nyumba moja yenye “wenye nyumba” watatu, anwani isiyokuwepo. Hayo hukamatwa kwa kulinganisha akaunti, anwani na rejista ya ardhi, kazi ya dakika chache kwa kompyuta. Kumdai kibarua hati ya mshahara hakumkamati tapeli. Tapeli huja na hati safi kuliko wote.

Kuhusu kiwango cha juu cha msaada, tuna neno moja kali: kukigandisha ni kukipunguza kimyakimya. Kodi zikipanda kwa asilimia 5 kila mwaka na kiwango kikibaki 100, baada ya miaka minne nyumba ile ile inadai 121 na ushee. Ile 21 hutoka kwenye chakula, dawa au nauli, mpaka siku inapokosa pa kutoka. Uingereza imeipitia njia hiyo. Hadi 2011 kiwango chao kwa wapangaji wa nyumba binafsi kilikaa katikati ya kodi za eneo, yaani nusu ya nyumba zilikuwa ndani ya uwezo wa mpokeaji. Aprili 2011 kikashushwa hadi nyumba 30 katika kila 100 zilizo nafuu zaidi. Kisha kikagandishwa kwa sehemu kubwa kuanzia 2016 hadi 2020, kikarekebishwa, kikagandishwa tena hadi 2024. Ile 30 ya kwenye karatasi ikawa nyumba chache mno mtaani. Ujerumani, kwa upande wake, imeandika ndani ya sheria ya ruzuku yao ya pango kwamba viwango virekebishwe kila baada ya miaka miwili. Miaka miwili ni mingi, lakini angalau haitegemei waziri akumbuke.

Kuna jambo la kitaalamu ambalo huwaponyoka hata wenye nia njema. Kodi za kupimia kiwango zisitoke kwa wapangaji waliokaa muda mrefu peke yao. Aliyekaa miaka minane analipa kodi ya zamani. Anayetafuta nyumba leo anakutana na kodi ya leo, na yeye ndiye anayeomba. Tumieni mikataba mipya ya miezi 12 iliyopita, mgawanye kwa idadi ya vyumba na kwa maeneo madogo. Mkichanganya katikati ya mji na vijiji vya pembezoni, mtapata wastani usioishi popote.

Fedha zilipwe kwa nani? Sisi wenyewe hubishana. Malipo kwa mpangaji humheshimu na humwezesha kupanga mambo yake, tena mwenye nyumba hajui kwamba anapokea msaada, kwa hiyo hana cha kumbagulia. Malipo ya moja kwa moja kwa mwenye nyumba huzuia fedha zisimezwe na benki inayodai mkopo wa zamani mara tu zinapoingia kwenye akaunti. Hilo hutokea zaidi ya mnavyodhani. Mwafaka wetu ni huu: mpangaji achague kwenye fomu, na deni likifika miezi miwili malipo yaende kwa mwenye nyumba hadi litakapokwisha, isipokuwa kama kuna mgogoro wa ubovu wa nyumba. Hapo, kumlipa mwenye nyumba moja kwa moja ni kumnyang'anya mpangaji silaha pekee aliyo nayo ya kudai paa litengenezwe.

Msisahau amana. Mara kwa mara mtu anakaa kwenye nyumba ya 140 asiyoiweza, na ipo ya 90 mtaa wa pili, lakini kuihamia kunataka amana ya mwezi mmoja au miwili pamoja na kodi ya mwezi wa kwanza kabla ya kupewa funguo. Mfuko unaolipa malimbikizo pekee utaendelea kuilipia nyumba ya 140 mwaka mzima. Ufaransa ina mifuko ya mshikamano wa makazi iliyowekwa na sheria ya 31 Mei 1990, inayoweza kusaidia kuingia kwenye nyumba mpya, malimbikizo ya kodi, na bili za maji na nishati. Kuviweka hivyo chini ya dari moja ni busara, kwa kuwa kwa familia ni tatizo moja. Ufaransa hiyo hiyo husimamisha utekelezaji wa amri za kuwatoa watu kati ya 1 Novemba na 31 Machi. Zuio la aina hiyo huokoa maisha wakati wa baridi, lakini lisiloambatana na malipo huacha deni likue miezi mitano zaidi, na dalali wa mahakama hurudi Aprili akikuta familia isiyokopesheka tena.

Tuje kwenye dharura za ndani ya nyumba: jiko limekufa, friji yenye insulini ya mgonjwa imezima, moto umeteketeza chumba, mama ametoroka kipigo na watoto na amepata nyumba tupu isiyo na kitanda. Fungu la kazi hii ni dogo kuliko la pango, na ndilo huvunjwa kwanza. Aprili 2013 serikali ya Uingereza ilifuta mikopo ya dharura na ruzuku za vifaa vya nyumbani za kitaifa, na kwa England ikaiachia kazi hiyo halmashauri bila kuzifunga fedha zake kwa kazi hiyo. Matokeo ni kwamba msaada ukawa bahati ya mahali unapoishi. Scotland mwezi huo huo iliunda mfuko mmoja wenye kanuni za taifa zima: maombi ya dharura huamuliwa hadi mwisho wa siku ya kazi inayofuata, na ya vifaa vya nyumbani ndani ya siku 15 za kazi. Aliyekataliwa huomba ofisi ipitie upya uamuzi, kisha anaweza kwenda kwa chombo huru cha malalamiko ya huduma za umma chenye uwezo wa kuubadilisha. Tunaomba muundo huo.

Lakini uamuzi wa haraka haupiki chakula. Jiko la gesi likiletwa bila mpira, klipu na fundi wa kuunga, litakaa sebuleni wiki mbili, au mtu ataliunga mwenyewe na gesi ivuje. Friji huachwa mlangoni ghorofa ya nne bila lifti. Kitanda huja bila godoro kwa sababu viko kwenye vifungu viwili vya ununuzi. Andikeni kwenye mkataba wa msambazaji kwamba kifaa kimefika pale kinapowaka ndani ya nyumba, na alipwe hapo. Mahali ambapo maduka yako karibu na fundi anapatikana, toeni fedha taslimu. Mpokeaji hununua cha mtumba kizuri na hubakiza chenji ya shuka. Vocha za duka moja huongeza bei na humtangaza mtu kwenye foleni.

Kwa umeme wa kulipia kabla, angalieni mita kwanza. Kama imepangwa kukata deni la zamani, sema 40 katika kila 100, msaada wenu wa 100 huwasha taa kwa 60 tu. Ofisi impigie simu msambazaji wa umeme, makato yasimamishwe au yapunguzwe, ndipo fedha zitumwe. Mpangilio huo ukigeuzwa, mtakuwa mmelipa deni la kampuni kwa jina la mtoto aliye gizani.

Mikopo nayo isijiite msaada. Chini ya mfumo mkuu wa Uingereza wa sasa wa misaada ya kipato (Universal Credit), malipo ya kwanza huja takriban wiki tano baada ya maombi, na asiyeweza kusubiri hupewa malipo ya awali ambayo hukatwa kwenye malipo yake kwa muda unaoweza kufika miezi 24. Kodi haingoji wiki tano, kwa hiyo pengo la utawala linageuka deni la familia. Na pale mnapodai kurudishiwa fedha zilizozidi, thibitisheni kwanza. Australia, kati ya 2016 na 2019, ilichukua mapato ya mwaka ya watu, ikayagawa sawa kwa vipindi vya wiki mbili mbili, ikawadai waliofanya kazi miezi michache kana kwamba walikuwa na kipato mwaka mzima. Tume ya Kifalme, yaani tume rasmi ya uchunguzi, iliyotoa ripoti Julai 2023 ilikuta mpango huo haukuwa wa haki wala halali. Makato yoyote yawe na kikomo, na yasiguse sehemu ya pango hata mara moja, maana mkiikata mnatengeneza mwombaji wenu wa mwezi ujao.

Mwisho tunaomba takwimu mbili zichapishwe kila robo mwaka kwa kila ofisi, hata zikiwa mbaya. Ya kwanza ni siku kutoka ombi la kwanza hadi fedha kumfikia mlengwa, na muda wa wale 10 katika 100 waliosubiri zaidi uonyeshwe kando, kwa sababu wastani huwaficha. Ya pili ni idadi ya kaya zilizolipiwa ambazo, miezi sita baadaye, bado zinaishi katika nyumba ile ile au zilihama kwa hiari. Data ya kwanza mnayo tayari. Ya pili inahitaji simu moja kwa kila kaya, na tuko tayari kuzipiga pamoja nanyi.

Wenu,
washauri wa wapangaji na watoa huduma za makazi